Kuchelewesha Siyo Kurekebisha: Makosa ya Wakati katika Viendeshi vya Linux



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia makosa yanayotusumbua kuliko yote katika viendeshi vya vifaa: yale yanayotokea leo, yakapotea wiki nzima, kisha yakazuka tena mbele ya mteja. Mara nyingi chanzo ni katizo lililofika wakati kiendeshi hakijajiandaa, au baada ya kiendeshi kufunga virago. Nitajikita kwenye Linux kwa kuwa msimbo wake uko wazi na kila mmoja wenu anaweza kuufungua akanisahihisha.

Tukikutana na kosa la namna hii, mkono hukimbilia mdelay: prosesa isubirishwe milisekunde 10, jaribio lipite, kazi ikabidhiwe. Msimamo wangu ni kwamba karibu kila mara kilichoharibika ni mpangilio wa hatua, na kusubiri hakupangi chochote.

Tuanze na uandikishaji. Kiendeshi kinapoita request_irq, kinaiomba kerneli ikiite laini fulani ikileta katizo. Kinaweza kuitwa papo hapo, hata kabla request_irq yenyewe haijarudi. Wengi wetu huandikisha kwanza, ndipo tutenge bafa na kuandaa kufuli. Siku za kawaida haina neno, maana kifaa kimetoka kuwashwa na kimetulia. Sasa chukueni kdump, yaani kerneli ya pili inayoamshwa ya kwanza ikianguka, ili kuhifadhi kumbukumbu ya ajali. Hapo kadi ya mtandao huenda haikuzimwa. Bado inapokea pakiti. Kiendeshi kinaandikisha, kinaitwa, kinagusa kielekezi kitupu, na kerneli iliyokuja kuokoa ushahidi nayo inaanguka.

Laini ikiwa ya pamoja, hasara humfikia hata asiyehusika. Laini ya PCI ya zamani ni kama mgeni anayebisha hodi bila kukoma mpaka afunguliwe. Tuseme kiendeshi cha diski kimeandikishwa kwanza kwenye laini ileile, huku kadi ya mtandao ikiendelea kubisha. Kiendeshi cha diski kinaitwa, kinaona si chake, kinarudisha IRQ_NONE. Kinaitwa tena, na tena. Kerneli huhesabu: kati ya makatizo 100,000, yale yasiyo na mwenyewe yakizidi 99,900, inaandika kwamba hakuna aliyejali, kisha inaizima laini. Diski nzima inakwama kwa kelele za jirani. Wapo wanaorudisha IRQ_HANDLED kwa kila wito ili ujumbe huo usitokee. Huo ni uzembe, kwa sababu unaipofusha kerneli na kuacha prosesa ikizunguka bure. Kinachotakiwa ni kukinyamazisha kifaa kwenye rejista zake mapema, kuandaa bafa na kufuli, na kuandikisha mwishoni.

Kuondoka kunataka utaratibu huo kinyumenyume, na hapa devm, utaratibu wa kuiachia kerneli iachilie rasilimali yenyewe, imewaponza wengi. Rasilimali za devm huachiliwa baada ya kazi ya kuondoa kiendeshi kumaliza. Ukizima saa ya kifaa kwa mkono ndani ya kazi hiyo, huku katizo limeandikishwa kwa devm, umeacha upenyo ambamo katizo linaweza kusoma rejista ya kifaa kisicho na saa. Kwenye baadhi ya chipu, mashine huganda palepale. Ama vyote viwe vya devm, ama katizo liachiliwe kwa mkono kabla ya saa.

Kuhusu PCI, jambo moja la haraka: amri ya kuandika inaweza kukaa njiani. Kiendeshi kinafuta katizo na kurudi, kifaa hakijapata habari, katizo linazuka tena. Kuisoma rejista ya kifaa hichohicho hulazimisha maandishi yafike kwanza. Wengine huweka udelay hapo, subira fupi isiyolazimisha chochote.

Kufuli nalo lina mtego wake. Msimbo wa kawaida unashika spin_lock. Katizo linaingia kwenye prosesa ileile. Mshughulikiaji wake analitaka kufuli hilohilo. Atalisubiri milele, kwa kuwa anayelishikilia ndiye aliyekatizwa. Katizo likiangukia prosesa nyingine hakuna kinachotokea, ndiyo maana kosa hupita majaribio mengi. Dawa ni spin_lock_irqsave, inayozuia makatizo kwenye prosesa hiyo kufuli likiwa limeshikwa. Lockdep ya Ingo Molnar, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.18 mwaka 2006, hulitambua kosa hili hata kabla mashine haijakwama, kwani hukumbuka kila kufuli limeshikwa katika mazingira gani.

Mnapochunguza, epukeni printk kupitia bandari ya serial. Kwa kasi ya 115,200, mstari wa herufi 80 huchukua takriban milisekunde 7. Huo ni ucheleweshaji mwingine, na kosa litajificha wakati mnalitafuta. Tumieni trace_printk, inayoandika kwenye bafa ya kumbukumbu. Washeni pia CONFIG_DEBUG_SHIRQ: kiendeshi kinapojiondoa kwenye laini ya pamoja, kerneli hukizushia katizo la bandia kuona kama kiko tayari.

Sisemi kila mdelay ni haramu. Kifaa kinachohitaji muda baada ya kuwashwa upya kipewe muda wake. Ninachoomba semina hii ikubali ni kanuni moja ya ukaguzi: mdelay yoyote isiyotaja ukurasa wa mwongozo wa kifaa unaoidai irudishwe kwa aliyeiandika.