VITA VYA WAKILINDI

Wasikilizaji wangu, siku isiyo na mawingu, mtu akisimama hapa Makorora na kuelekea magharibi, huiona milima ya Usambara. Leo nitawasimulieni vita vilivyowaka huko baada ya kufa Mfalme Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1862, navyo madhara yake yalifika hata pwani.

Kimweri alikaa Vugha, na wanawe aliwaweka kuwa mazumbe katika wilaya zake. Enzi ikamwangukia mjukuu wake, Shekulwavu, naye alikuwa kijana. Fikirini taabu yake: mazumbe aliopaswa kuwaamuru walikuwa baba zake, ndugu wa baba yake mzazi!

Mkuu wa hao waliomkataa alikuwa Semboja. Huyu aliteremka milimani, akajenga mji wake Mazinde, chini kabisa, penye njia ya misafara ya pembe iliyotoka Pangani kwenda bara. Pale alipata nguo, bunduki na baruti. Kwa maoni yangu, kuhama huko kuliamua vita kuliko pigano lolote. Haki ya kiti ilikuwa Vugha, lakini baruti ilikuwa Mazinde.

Tena Wabondei walikuwa wamechoka kutawaliwa na Wakilindi, maana watu wao walikamatwa na kuuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1860 waliinuka wote pamoja. Maasi hayo huitwa Kiva. Semboja akapatana nao. Wakilindi waliokuwa Bondei wengine waliuawa, na wengine, waliozoea kuuza watu, wakauzwa wao. Kisha Semboja akakusanya wapiganaji wa kigeni, Wataita na Wamasai miongoni mwao, na Vugha ikatwaliwa. Shekulwavu akakimbia, akafa mkimbizi.

Semboja hakukikalia kiti. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde penye biashara yake. Lakini ndugu za Shekulwavu hawakukubali, wakaendelea na vita upande wa mashariki miaka mingi.

Majemadari wana majina. Mama aliyekwenda kuteka maji hana jina katika habari hizi, na yeye ndiye aliyelipa gharama. Bunduki hununuliwa kwa kitu. Zumbe asiye na pembe alilipa kwa watu. Mateka walifungwa kamba wakateremshwa pwani, wakapakiwa majahazini kwenda Pemba na Unguja, penye mashamba ya mikarafuu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Hata hivyo wengine walivushwa kwa siri usiku. Katika vijiji hofu haikuwa ya adui peke yake, bali hata ya jirani, maana deni dogo au neno la ugomvi lilitosha kumpoteza mtoto.

Mwaka 1895 Semboja alikufa. Mwaka uo huo Wadachi, waliokuwa wameitwaa nchi, walimnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa ametawala Vugha baada ya Kimweri Maguvu.