Kabla ya Kura, Daftari

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumai mmekwisha kaa vizuri, na kila mmoja ana kitabu chake na kalamu yake. Nanyi wa Kiwengwa, mliotoka baharini, mliotoka kwenye mwani, na mliotoka kazini hotelini, karibuni. Asiyeweza bado kusoma upesi asione haya. Mwenzake amsomee pole pole, kisha ajaribu mwenyewe.

Somo letu la leo ni juu ya fedha za Serikali. Tutauliza swali moja tu. Serikali ikipungukiwa na fedha, ikabidi kupunguza matumizi yake, je, yafaa iwaulize watu wote kwa simu na intaneti wapige kura, waseme ni kitu gani kipunguzwe?

Kabla ya kujibu, tufahamiane kwanza juu ya neno bajeti. Bajeti ni makisio ya mapato na matumizi ya mwaka mzima. Ina pande mbili, kama daftari la duka. Upande mmoja huandikwa fedha zinazoingia: kodi, ushuru, mikopo na misaada. Upande wa pili huandikwa fedha zinazotoka: mishahara, dawa, skuli, maji, barabara, na kulipa madeni. Hapa Zanzibar mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na hwisha tarehe 30 Juni. Kabla ya mwaka kuanza, bajeti husomwa mbele ya Baraza la Wawakilishi, kule Chukwani. Wajumbe huijadili, kisha huipitisha.

Kupunguza matumizi si jambo geni kwenu. Mwani ukifa kwa joto la maji, au hoteli zikikosa wageni, kila nyumba hukaa ikapanga upya. Nguo za sikukuu zitangoja. Sukari itapunguzwa. Lakini daftari la mtoto wa skuli na dawa ya bibi haviguswi. Serikali nayo hufika mahali kama hapo. Tofauti ni kwamba nyumbani mnajuana. Mnajua nani mgonjwa na nani anasoma. Katika nchi nzima watu hawajuani, na mtu anaweza kukata kitu cha mwenzake bila ya kujua kuwa amemkata.

Sasa, nani aamue? Ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni amri ya mkubwa. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba. Siku hiyo watu wakafanya usafi, na fedha za sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco mpaka Mwenge, Dar es Salaam. Njia hii ni ya haraka. Wengi waliifurahia. Lakini mkubwa akikosea, hakuna aliyeulizwa kabla.

Njia ya pili ni ya wawakilishi, kama tulivyoieleza. Wanachaguliwa, wanakaa, wanajadili, na wakifanya vibaya tunaweza kuwaondoa kwa kura wakati wa uchaguzi.

Njia ya tatu ndiyo hii mpya, ya kuwauliza watu wote kwa mashine. Tuangalie wenzetu waliojaribu.

Marekani, mwaka 2009, Serikali ya Rais Barack Obama iliwaomba wafanyakazi wake watoe mawazo ya kupunguza gharama. Yalipatikana mawazo zaidi ya 38,000. Yakachaguliwa manne, kisha watu wote wakapiga kura kwa intaneti. Lililoshinda lilitoka kwa mfanyakazi wa hospitali ya askari wa zamani, katika jimbo la Colorado. Yeye alikuwa akiona dawa walizoanza kutumia wagonjwa zinatupwa wanapotoka hospitalini, kisha wanapewa dawa zile zile mpya za kutumia nyumbani. Akasema: wapewe wakazimalize kwao. Hapa pana funzo la kwanza. Mtu mdogo aliye karibu na kazi huona upotevu ambao mkubwa hauoni. Basi kuwauliza watu kuna faida, wala tusikudharau.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mwaka 2010 Serikali ya Uingereza iliwaomba wafanyakazi wake, kisha watu wote, wapeleke mawazo ya kupunguza matumizi kwa njia ya intaneti. Mawazo yalizidi 100,000. Lakini waliingia watu wa fujo wakaandika maneno mabaya, hata ile sehemu ya watu kupima mawazo ya wenzao ikabidi ifungwe. Penye wengi pana mengi, na mlango usio na bawabu huingia kila mtu.

Mwaka huo huo wa 2010, wabunge wa chama cha Republican huko Marekani, wakiongozwa katika jambo hili na Eric Cantor, walitoa kila wiki orodha ya mambo machache. Watu wakachagua kwa intaneti au kwa ujumbe wa simu ni lipi lifutwe. Wiki ya kwanza lilichaguliwa jambo moja la kusaidia watu. Ukweli wake, ulikuwa ni mfuko wa dharura wa kusaidia familia maskini. Lakini katika orodha haukuitwa hivyo. Uliitwa mpango mpya wa misaada usiorekebishwa. Hebu fikirini. Ukiulizwa, "Tukate mpango usiorekebishwa?" utajibu upesi, "Ukatwe." Ukiulizwa, "Tukate fedha za mama maskini mwenye watoto?" utasita. Fedha ni zile zile, ila jina limebadilishwa. Hoja ile ilishindwa Bungeni, lakini funzo limebaki. Anayeandika swali ana nguvu kuliko anayelijibu. Mwamba ngozi huvutia kwake.

Turudi karibu, kwa jirani zetu wa Kenya. Katiba yao ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Mwaka 2024 ulipoletwa Muswada wa Fedha wenye kodi mpya, vijana waliusoma, wakaufasiri kwa lugha za watu, wakaueneza kwa simu zao. Yakatokea maandamano makubwa. Tarehe 25 Juni watu waliingia Bungeni, na wengine wakapoteza maisha. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatatia saini. Tarehe 5 Julai akatangaza kupunguza matumizi: mashirika 47 ya Serikali yavunjwe, na washauri wapunguzwe kwa nusu. Siku hiyo hiyo akazungumza na vijana kwa mtandao. Hakuna kura iliyopigwa kwa simu. Kilichowapa watu nguvu ni kwamba waliujua Muswada kabla ya kuupinga. Na laiti wangesikilizwa mapema, huenda roho zile zisingepotea.

Sasa tuje kwetu. Zanzibar tumekwisha piga kura juu ya jambo, si juu ya mtu. Tarehe 31 Julai 2010 tuliulizwa kama tunataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Zaidi ya asilimia 66 walisema ndiyo. Lakini swali lile lilikuwa moja, jibu lake ni ndiyo au hapana, na lilimhusu kila mtu sawasawa. Kupunguza matumizi si hivyo. Kitu kinachokatwa humwumiza mmoja na kumwacha mwingine mzima.

Natuchukue mfano. Tuseme Serikali inatupa orodha ya mambo matano, tuchague moja likatwe: safari za maofisa, sherehe, dawa, barabara za shamba, na madarasa ya watu wazima. Kura ni kwa simu. Nini kitatokea?

Kwanza tuhesabu watu. Katika sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu 893,169. Mkoa wetu wa Kaskazini Unguja ulikuwa na watu 257,290. Yaani kwa kila mtu mmoja wa mkoa wetu, wako zaidi ya watatu wa Mjini Magharibi. Mtu wa mjini si mbaya. Lakini hajui gari linavyochelewa kufika shamba wakati wa masika, wala mzazi anavyobebwa usiku kupelekwa hospitali. Akiona "barabara za shamba" atadhani si kitu kikubwa, akabonyeza.

Pili, tuangalie simu. Nyumba nyingine zina simu moja, nayo huwa mfukoni mwa baba au mikononi mwa kijana. Je, kura itakuwa ya mama, au ya mwenye simu? Katika kituo cha kura mtu huingia peke yake, hakuna anayemchungulia. Nyumbani nani atamlinda? Na mwenye laini tatu, atapiga kura mara tatu?

Tatu, nisikilizeni vizuri hapa, kwani linatuhusu sisi wenyewe. Orodha ile imeandikwa. Anayeweza kuisoma ndiye atakayepiga kura. Tena ndani yake mna madarasa ya watu wazima. Basi watakaoamua kama darasa hili liendelee ni wale waliokwisha jua kusoma, wasiolihitaji. Na wanaolihitaji hawataweza kusoma swali. Darasa litafungwa, na waliofungiwa watapata habari baadaye, kwa kuambiwa. Hata kama hesabu ya kura ni sahihi, hiyo si haki.

Je, maana yake tuseme wananchi wasiulizwe? La, hasha. Fedha ni zetu. Mwanamke anayenunua sabuni dukani hulipa kodi ndani ya bei yake, ajue kusoma au asijue. Kwa hivyo ana haki ya kuulizwa. Ninachosema ni kwamba kura isitangulie daftari. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi siku tutakapoulizwa, kwa simu au kwa mkutano, tudai mambo manne.

La kwanza, orodha iandikwe kwa Kiswahili chepesi, na kila jambo lionyeshwe kiasi cha fedha. Kukata sherehe na kukata dawa si sawa, na bila ya tarakimu mtu hawezi kupima.

La pili, palipoandikwa kiasi, paandikwe pia nani ataumia. Ikiwa ni barabara, barabara gani? Ikiwa ni darasa, wanafunzi wangapi?

La tatu, orodha isomwe kwa sauti katika kila shehia kabla ya kura, kwa sheha, dikoni na skulini, kwa wakati ambao kina mama wamekwisha toka kwenye mwani. Asiye na simu aweze kutoa kura yake hapo hapo, kwa siri.

La nne, baada ya kura tuletewe jibu. Watu walisema nini? Wajumbe wa Baraza waliamua nini? Na ikiwa waliamua vingine, kwa sababu gani? Kura ya namna hii ni ushauri. Mwenye kukata shauri abaki mwakilishi, ili tuwe na mtu wa kumwuliza. Mashine haiulizwi kitu wakati wa uchaguzi.

Na sisi tufanye nini tangu leo? Tuanze na daftari dogo. Wengi wenu mmo katika vikundi vya kuweka na kukopa. Mkutano ujao, mwombeni katibu asome pande zote mbili, kilichoingia na kilichotoka. Kila mmoja wenu asome mstari mmoja. Ukiweza kusoma daftari la kikundi na kuuliza, "Hizi shilingi zimekwenda wapi?", basi umekwisha anza kusoma bajeti ya Serikali. Urefu wake ni mwingine tu. Pande zake ni zile zile mbili.

Maneno ya kukumbuka

Makisio: hesabu ya mambo yanayotazamiwa, kabla hayajawa.
Matumizi: fedha zinazotoka.
Mapato: fedha zinazoingia.
Muswada: sheria iliyoandikwa ambayo bado haijapitishwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mfanyakazi wa hospitali huko Colorado aliona upotevu gani? Je, nyinyi mnaona upotevu gani katika huduma za hapa Kiwengwa?
2. Kwa nini jina la kitu katika orodha linaweza kubadilisha kura ya mtu?
3. Someni tena hesabu ya watu wa Mjini Magharibi na Kaskazini Unguja. Mkoa wenye watu wachache ulindwe kwa njia gani?
4. Andikeni matumizi matano ya nyumba zenu. Ikiwa lazima kukata moja, mtakata lipi, na nani ataumia?

Haya, mabibi na mabwana, someni, mbishane kwa adabu, na asiyesema apewe nafasi aseme. Kwaherini mpaka somo lijalo.