Kisima bila Malisho Hakiokoi Mifugo
Mazungumzo ya baraza kuhusu malisho kandokando ya Jangwa la Chalbi



Mlima Marsabit hupata takriban milimita 800 za mvua kwa mwaka. Ukishuka kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr, mvua hupungua hadi chini ya milimita 200. Mbele yake ni Chalbi, uwanda wa chumvi uliokuwa ziwa hapo zamani. Mvua ya huku haina usawa: bonde moja hulowa, la pili hubaki kavu. Ndiyo maana Wagabra na Warendille walihamahama na ngamia wao. Vijana walipeleka mifugo fora, na malisho ya karibu na boma yakapata kupumzika.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Ukame kama huo ukija, kila kijiji huomba kisima, na ombi hilo ni la haki. Lakini mifugo hufa njaa hata maji yakiwapo. Ngamia huvumilia kiu wiki nzima na zaidi. Ng'ombe hawezi, lazima anywe kila baada ya siku mbili tatu, kwa hivyo hula karibu na kisima tu.

Kisima kikiachwa wazi mwaka mzima, familia huhamia hapo. Nyasi huliwa hadi ardhi ikabaki tupu. Migunga hukatwa kwa kuni na kwa ua la boma, na upepo huchukua udongo. Watafiti wa mradi wa UNESCO ulioanza Marsabit 1976 waliona ardhi ikichakaa hivyo kandokando ya makazi. Jangwa halingoji kutoka Chalbi. Huweza kuanzia mlangoni pa boma.

Kwa hivyo, kabla ya mtambo wa kuchimba kuletwa, baraza likubaliane mambo matatu. Kwanza, malisho gani ni ya masika na gani ni ya kiangazi. Pili, miti ipi haikatwi, na miiba ya boma la zamani itumikeje tena. Tatu, mvua ikinyesha, nani atafunga kisima cha dharura.

Ufunguo huo usikae kwa mtu mmoja. Ukae kwa kamati yenye wazee, akina mama na vijana wanaochunga, kwa kuwa hao ndio wanaojua nyasi zimebaki wapi.