Linux, kadi ya michoro na ufunguo wa mwenye kompyuta

Wengi wanaotumia Linux huuliza: kwa nini kadi ya michoro ya NVIDIA hugoma hata baada ya programu yake endeshi kuwekwa ipasavyo?

Mara nyingi sababu ni kinga iitwayo Secure Boot, iliyoenea tangu ilipotoka Windows 8 mwaka 2012. Kompyuta inapowashwa, kinga hiyo hukagua saini za kidijitali za programu zinazotangulia, ili virusi visijipenyeze kabla ya mfumo wenyewe kuamka. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikizitambua saini za Microsoft. Kwa hiyo Linux nyingi hupitia programu ndogo iitwayo shim, ambayo Microsoft imeitia saini.

Tatizo ni kwamba programu endeshi ya NVIDIA mara nyingi huundwa ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Haina saini inayotambulika, na kiini cha Linux huikataa.

Wapo wanaoshauri kinga hiyo izimwe. Huko ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo haupo. Lililo bora ni kujitengenezea ufunguo. Ubuntu hukutengenezea wakati wa kuweka programu hiyo, kisha hukutaka uchague neno la siri. Kwingineko, ufunguo hutengenezwa kwa openssl na kuwasilishwa kwa amri ya mokutil --import.

Kisha washa kompyuta upya. Itatokea skrini ya buluu inayongoja sekunde chache tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, thibitisha, na uandike lile neno la siri. Ukichelewa, huna budi kuuwasilisha ufunguo upya.

Usumbufu huo una maana yake. Mhalifu aliye mbali aweza kuiba mamlaka yote ndani ya mfumo, lakini hawezi kuketi mbele ya kibodi yako na kujibu swali hilo. Ndivyo kompyuta inavyomtambua mwenyewe.

Baada ya hapo, programu iitwayo DKMS yaweza kutia saini kila kiini kipya kinapowekwa. Lakini tahadhari: ufunguo wa siri hubaki ndani ya diski. Anayeuiba ataweza kutia saini programu endeshi yoyote, na kompyuta yako itaiamini. Usiuache wazi, wala usimpe mtu nakala.