Kualikwa Siyo Kushirikishwa: Sherehe za Kazini na Imani Zetu

(Haya niliyasema kwenye semina ya vijana wa chama hapa Ifakara. Nimeyaandika kama yalivyo, nimepunguza tu marudio.)



Mwenyekiti amenipa mada ya haki za vijana kazini. Najua mlitarajia nianze na mikataba na mishahara. Hayo nawaachia wenzangu watakaofuata. Mimi nataka tuongee kuhusu pilau. Ndiyo, pilau, nyama ya mbuzi, soda, na ule mchango wa sherehe unaopitishwa ofisini kila Desemba.

Litazameni bonde letu. Reli ya TAZARA ilileta watu wa kila upande miaka ya 1970. Viwanda vya sukari kule Kidatu vinavuta vibarua kila msimu wa kukata miwa. Mpunga umeleta wakulima, malisho yameleta wafugaji. Kwenye ofisi moja ya watu kumi na wawili utamkuta Mkatoliki, Muislamu, Mlokole, Msabato, na mtu anayefuata mila za babu zake ambaye hana haja ya kumweleza yeyote. Siku za kazi tunaelewana vizuri tu. Shida inaanza siku ya kufurahi.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ikaandaliwa sherehe ya kufunga mwaka, Jumamosi mchana, kwenye baa inayosifika kwa kitimoto. Kila mmoja alikatwa mchango kwenye malipo yake bila kuulizwa. Dada mmoja Muislamu alikaa na soda yake muda wote, huku wenzake wakimtania: "Si ule tu, nani atakuona?" Kaka mmoja Msabato hakuja, kwa sababu Jumamosi kwake ni siku ya ibada. Jumatatu akaambiwa hana ushirikiano. Baadaye ikapangwa safari ya kikazi yenye posho, na majina yakatoka kwa wale wale waliokunywa pamoja. Hakuna aliyefukuzwa. Lakini riziki iligawiwa kwenye meza ile, na wawili hawa hawakuwa na kiti.

Sasa mtu atasema, "Si walialikwa? Wamejitenga wenyewe." Jamani, kualikwa siyo kushirikishwa. Ukinialika mahali ambapo unajua siwezi kula, siku ambayo unajua siwezi kuja, kwa pesa yangu mwenyewe, hujanialika. Umenifungia mlango kwa tabasamu.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Hiyo njia ya kuzunguka ndiyo pilau yangu. Hakuna tangazo linalosema Wasabato wasipande cheo, lakini kama cheo kinaongelewa Jumamosi baa, matokeo ni yale yale. Kifungu hicho hicho kinahesabu unyanyasaji kuwa ni aina ya ubaguzi. Utani ni mila yetu na ni mzuri, ila mwenzako akishasema basi, halafu ukaendelea, huo siyo utani tena.

Na ule mchango? Kifungu cha 28 kinasema mwajiri hawezi kukata mshahara wako hivi hivi. Lazima sheria iruhusu, au uwe umekubali kwa maandishi kwamba unakatwa deni. Sherehe siyo deni. Ukikwama, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini angalieni kalenda: mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60.

Lakini siwatumi mkamshitaki kila anayepika. Mambo mengi yanamalizwa na kamati ya sherehe yenye akili. Kwanza, kamati yenyewe isiwe ya watu wa dhehebu moja au wa meza moja ya bia. Pili, ulizeni kabla ya kununua: nani atachinja, nini kitapikwa, siku gani haifai. Hapa kwetu jibu lipo mtoni. Wali wa Ifakara na perege wa Mto Kilombero: Muislamu anakula, Mlokole anakula, Msabato anakula kwa sababu perege ana magamba. Kambale hana, kwa hiyo wengi wao watamwacha. Wekeni na maharage kwa asiyekula nyama wala samaki. Tatu, bia isitoke kwenye mfuko wa pamoja, anayetaka ajinunulie. Nne, kama mnafungua kwa sala, msikubali sala moja ya bosi iwe ya wote. Dakika moja ya ukimya, kila mtu na Mola wake, inatosha. Tano, asiyekuja asiandikwe popote, wala asidaiwe sababu.

Na hii inakwenda pande zote. Ofisi ikiandaa futari mwezi wa Ramadhani, ni jambo zuri sana. Lakini Mkristo asilazimishwe kuchangia, wala asionekane mbaya akikosa.

Msione ni mambo madogo. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mabishano ya nani ana haki ya kuchinja yalifika kwenye mapanga, na mchungaji mmoja akapoteza maisha. Ugomvi wa namna hiyo unalelewa na dharau ndogondogo za miaka, ambazo kila mtu alidhani ni za kucheka.

Kwa nini haya yatuhusu sisi vijana wa upinzani? Fungueni Katiba, ibara ya 3. Inasema Jamhuri yetu haina dini, na sentensi hiyo hiyo inasema tunafuata mfumo wa vyama vingi. Rudini tena kifungu cha 7: dini na maoni ya kisiasa yametajwa pamoja. Wangapi hapa mmewahi kuficha kadi ya chama kazini? Naona mikono. Basi mnajua vizuri uchungu wa yule dada na soda yake. Mlango unaomfungia yeye ndio unaotufungia sisi. Hatuwezi kudai ufunguliwe kwetu tu.

Kwa hiyo tuanze na sisi wenyewe. Kikao cha tawi kisipangwe Ijumaa saa saba mchana, wala Jumapili asubuhi. Mkutano wa Jumamosi usiwe ndio pekee wenye maamuzi. Kila tawi limpe mtu mmoja kazi ya kuuliza hayo kabla ratiba haijatoka. Kama hatuwezi kugawana sahani ya wali kwa haki, nchi tutaigawanaje?

Karibuni kwa maswali.