Mtihani wa Darasa la Saba: Tusiwafungie Watoto Wetu Mlango

(Nasaha kwa wazazi wa Igalula, Tabora)

 

Ndugu Waislamu, tunaishi kandokando ya njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kwa njia hiyo Uislamu ulifika Unyanyembe. Miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilifungua shule Tabora, na waliotangulizwa kupokewa walikuwa watoto wa machifu. Leo mtoto haulizwi ukoo wake. Tabora Wavulana na Tabora Wasichana ni miongoni mwa shule za serikali za vipaji maalumu, na mtoto huchaguliwa kuingia huko kwa alama zake za Darasa la Saba. Mlango uliokuwa wa machifu sasa ni wa mtoto wa mkulima pia.

Inasikitisha kuwa wapo wazazi wanaoufunga kwa mikono yao wenyewe. Humwamuru binti aandike majibu ya makosa kwa makusudi, asifaulu, apate kuozwa. Tumwogope Allah! Amri ya kwanza kumshukia Mtume (s.a.w.) ilikuwa ya kusoma, wala haikumtenga mtoto wa kike. Binti huyo ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Sheria ya nchi nayo, tangu mwaka 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari.

Wengine hupotea kwa upande wa pili, wakamtafutia mtoto majibu ya wizi. Mwaka 2022 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 2,000 kwa udanganyifu. Mtume (s.a.w.) amejitenga na wenye kughushi. Mtoto tuliyemfundisha kuiba jibu leo, kesho tutamwamini vipi na mali ya umma au na roho za wagonjwa?

Basi tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Kwanza, tumpe muda. Msimu wa tumbaku usimtoe darasani kwenda kuchuma na kulinda moto wa mabani. Mtihani ni Septemba, lakini hupotezwa tangu miezi ya mavuno. Pili, tukae na walimu wa shule na wa madrasa tupange saa, ili elimu moja isiipokonye nyingine. Tatu, tumtafutie mitihani ya miaka iliyopita, ajipime kwa saa, na azoee kusiliba jibu sawasawa kwa penseli. Nne, tusipuuze Kiingereza, kwani ndicho lugha ya kufundishia sekondari. Maneno machache kila siku yatamsaidia. Tano, jioni apate taa na nafasi tulivu, na siku ya mtihani ale, afike mapema, asitishwe.

Asiyechaguliwa kwenda shule hizo asidharauliwe. Sekondari ya kata nayo ni mlango, na riziki iko kwa Allah.

Tumfunge ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Kisha tuinue mikono tuwaombee watoto wetu wote, wa kiume na wa kike.

Wabillahi tawfiq.