Tupime Kina Kabla ya Kuvua Nguo



Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni kweli, lakini hawakumkataza mtu kupima kina kabla ya kuvua. Juu ya kupima huko ndiko nitakakozungumza leo.

Katika kazi zetu tumezoea utaratibu mmoja. Kamati huletewa mchoro mmoja, huupitisha, na fedha hutolewa. Kasoro zikidhihirika, mchoro hurekebishwa, na kila rekebisho huzaa jingine. Mimi mwenyewe nilikuwamo katika kamati iliyopitisha mchoro wa madarasa siku ile ile ulipoletwa. Msingi ulipochimbwa, maji yakatoka. Hatukuwa na mchoro wa pili wala kiwanja cha pili. Watoto waliendelea kusoma chini ya mwembe, nami nilikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono.

Mwaka 1995 Allen Ward na wenzake, wataalamu wa Marekani, walichapisha uchunguzi wao juu ya Toyota, kampuni ya magari ya Japani. Waliona jambo la ajabu: wahandisi wake walichelewesha uamuzi na kutengeneza vielelezo vingi, na hata hivyo walibuni magari mazuri kwa muda mfupi. Utaratibu huo huitwa usanifu wa seti. Walimu wa hisabati watauelewa upesi. Kila idara huleta, si jibu moja, bali seti ya majibu inayoyamudu. Wasanifu wa bodi wana seti yao, na watu wa kiwandani wana yao. Hutafutwa mahali seti hizo zinapokutana. Lililothibitika kuwa haliwezekani huondolewa, na seti hupungua hatua kwa hatua hata libaki moja.

Fikra hii ina mfano wa zamani zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1901 Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli wa Dayton, walijenga sanduku la kupitishia upepo wakapima vielelezo vya mabawa vipatavyo 200. Wakati huo Samuel Langley, mwanachuoni mashuhuri wa Washington aliyepewa na serikali dola 50,000, alikuwa amekwisha kushika umbo moja, akalikuza kuwa ndege kubwa. Ndege hiyo ilianguka mtoni tarehe 7 Oktoba 1903, na tena tarehe 8 Desemba. Siku tisa baadaye, akina Wright waliruka. Safari ya nne ya siku hiyo ilidumu sekunde 59.

Yupo atakayenijibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Namkubalia. Kuchagua kusiko na mwisho ni uvivu uliovaa joho la busara. Ndiyo maana tarehe ya kuondoa kila fungu la michoro haina budi kupangwa tangu mwanzo, na mchoro uondolewe kwa ushahidi, si kwa cheo cha aliyesema. Michoro mitatu na shimo la kupimia udongo ni gharama, lakini ni ndogo kuliko msingi uliojaa maji.

Basi, ndugu zangu, tukiletewa mchoro mmoja tena, tumwulize mletaji: mingine iko wapi, na imeondolewa kwa ushahidi gani? Akikosa jibu, mikono yetu na ibaki mezani.